Beseni Juu ya Kipima Mvua

Kazi yangu ya utafiti ilikuwa kujua kwa nini mawingu yanamwaga mvua upande huu wa Mlima Meru na kuuacha ule wa pili mkavu. Kipima mvua kimoja nilikiweka kwa shangazi yangu, kwenye uwazi mbele ya migomba yake. Kilikuwa kinajiandikia chenyewe na kunitumia takwimu kwa simu. Yeye alitakiwa tu kuwazuia mbuzi wasikiangushe.

"Shangazi, kitunze sana," nilimwambia. "Ni ghali kuliko ng'ombe wako wote." Nikajiona nimesema la maana.

Masika yakaanza. Sakina ninakoishi tulikuwa tunaruka madimbwi, lakini takwimu za kwa shangazi zilionyesha ukame. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani nimegundua kitu.

Nikapanda kwenda kuhakikisha. Mvua ilinikuta njiani, na nilipofika uani nikamwona shangazi anakimbia, kanga kichwani, beseni mkononi. Akakifunika kipima mvua kwa lile beseni, akaweka na jiwe juu. Kumbe kila mvua ilipoanza alifanya hivyo, na ilipokatika alikifuta kwa kitambaa. Alikuwa anakikinga kisilowe.

Nilimfokea. Mbele ya kina mama wa kwaya waliokuwa wamejikinga barazani kwake, nilimwambia ameniharibia msimu mzima, na kwamba hata mtoto wa darasa la kwanza angeelewa. Aliondoa jiwe, akaondoa beseni, akabaki amelishika huku analowa.

Hakuna aliyemweleza kwamba kazi ya kifaa kile ni kunyeshewa. Mimi nilimwambia bei tu. Hilo nililitambua kabla hata sijafika barabarani, na bado sikurudi. Niliona aibu, nikajidai nina shughuli nyingi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alishuka mwenyewe hadi Sakina, amevaa gauni lake la kanisani, jogoo kwapani. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Hakuitikia.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Nimekuharibia kazi."

Mzee anamwomba radhi mtoto! Pale ndipo ningepaswa kupiga magoti. Badala yake nilimpokea jogoo, nikasema, "Yamekwisha, shangazi," kama mtu aliyekosewa. Akanishukuru, tena mara mbili.

Alifariki kabla ya vuli, akiamini kwamba nilimsamehe.