Siku Niliyosema Picha ni Safi

Mnisamehe kwa herufi zinazolala na maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu huenda polepole hata mdogo wangu wa miaka saba hunicheka. "Bado uko mstari wa pili? Mbuzi amezaa, amenyonyesha, na wewe bado!"

Habari hii ni yake. Mwaka jana alitolewa uvimbe kichwani. Baadaye alipigwa picha ya mgongo, kwa sababu uvimbe wa aina ile huweza kushuka kwenye uti wa mgongo. Mama anajua Kimbeere peke yake, kwa hivyo tulipoitwa Embu mjini kupewa majibu, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Daktari, mwanamke mpole, aliweka kidole kwenye picha.

"Unaona hapa chini? Kuna doa. Inaweza kuwa ugonjwa umeshuka. Inaweza pia kuwa damu ya upasuaji wa kichwa iliyoshuka na haijaisha. Kwa sasa siwezi kujua. Tutarudia picha baada ya wiki mbili, ndiyo tujue atatibiwa vipi. Mweleze mama."

Mama alikuwa ananitazama mdomo. Kwetu Kiritiri mtu akipimwa hurudi na jibu: ni malaria ama si malaria. Nilishindwa kuelewa vipi mtu mwenye mashine kubwa namna ile hajui, na nikaona haya kumwomba arudie. Nikamwambia Mama, "Anasema hawajaona kitu. Picha ni safi."

Mama alishika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili. Daktari akatabasamu. Alidhani nimeeleza vizuri. Kadi ya kurudi nikaiweka mimi mfukoni.

Jumapili Mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda, akaleta na mbuzi wa shukrani. Jirani mmoja akasema, "Haki huyu mbuzi amemshinda mchungaji kwa unono!" Watu wakacheka, mchungaji pia. Mimi niliangalia viatu vyangu mpaka maombi yakaisha.

Ilipobaki siku moja turudi hospitali, tulikuwa tunapepeta ndengu uani. Nikasema kesho tunatakiwa hospitali, picha irudiwe.

"Irudiwe ya nini?" Mama akauliza. "Nimeshukuru mbele ya watu wote, halafu niende kutafuta ugonjwa tena? Mungu ataniona mtu wa namna gani? Hatuendi."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtoto angekosa picha kwa sababu yangu. Nikamwambia yote, nikiwa nimeinamia ungo.

Mama akaacha kupepeta. "Daktari alisema hajui?"

"Alisema hajui, Mama."

"Na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kusema? Mimi nimelima hapa miaka yote bila kujua kama mvua itanyesha. Ungeniambia tu."

Afadhali angenipiga.

Tulienda. Safari hii nilimwomba daktari arudie mara mbili, nikabeba kila neno kama lilivyo. Doa lilikuwa limepungua lakini halijaisha. Alisema inaelekea ni damu, ila hawezi kuapa, na wataendelea kuangalia. Mama akaitikia kwa kichwa, akauliza tarehe ya kurudi.

Jumapili akasimama tena. "Nilisema picha ni safi. Haikuwa hivyo. Bado hatujui, tuombeeni." Hakusema ni mimi. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba wengine hupenda kuharakisha miujiza. Nilisikia, naye Mama alisikia, akakaa chini na kumfunga mdogo wangu kofia. Nilitaka kusimama niseme ni mimi. Sikusimama. Nimeandika hapa kwa sababu pale nilishindwa.

Kama nawe ulishawahi kuambiwa "hatujui" juu ya mtoto, na ukalazimika kuyapeleka hayo nyumbani, niandikie. Niambie ulianza na neno gani. Hata ukiandika vibaya mimi sitacheka, nitasoma polepole.