Miti Iliyobaki Mbele ya Nyumba

Mwaka uliofuata Uhuru, mume wangu alipandishwa cheo katika ofisi ya kilimo, nasi tukapewa nyumba ya serikali mjini Kakamega, iliyokuwa ya Mzungu aliyerudi kwao. Ilikuwa nyumba nzuri, lakini ndani kulikuwa na giza hata adhuhuri. Mzungu yule alikuwa amejaza misaiprasi na mijakaranda kwenye uwanja mdogo wa mbele, ikasongamana, ikarefuka myembamba ikitafuta jua, na matawi yake yakasuguana mchana kutwa.

Mume wangu alitaka mwangaza. "Hatuwezi kuishi kama watu waliojificha," aliniambia.

Mtunza bustani tuliyemkuta pale alikuwa mzee aliyeijua miti ile tangu ikiwa miche. Aliigusa mmoja mmoja, kisha akasema, "Bwana, hii miti inashikananga. Toa mmoja, ungoje mvua ipite, ndio utoe mwingine. Ukitoa yote pamoja, ile itabaki haijui kusimama peke yake."

Mume wangu alimjibu kwamba yeye alisomea kilimo katika chuo cha Bukura. Walibishana siku mbili. Siku ya tatu alimfukuza mzee na kuleta vibarua. Michanga waliihamishia kando ya ua wa kayaba, mingine wakaing'oa. Kufikia Jumamosi ilikuwa imebaki misaiprasi minne na mjakaranda mmoja mrefu, karibu na chumba cha kulala. Jua liliingia hadi sebuleni. Nilifurahi, sikatai.

Jumatatu mume wangu alisafiri kikazi kwenda Chekalini, akaniacha na binti yetu wa miezi minane. Asubuhi hiyo nilisikia mlio kama wa mlango unaofunguliwa polepole. Nilikagua milango yote, ilikuwa imefungwa. Nilipotoka nje niliona mjakaranda ukiyumba, ingawa upepo ulikuwa mdogo, na chini yake udongo ukiinuka na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Upande ambao vibarua walikuwa wameng'oa mti uliosimama karibu nao, mizizi ya mjakaranda ilikuwa imekatwa, na ardhi ilikuwa na ufa. Niliingiza kidole. Kesho yake uliingia mkono mzima.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba vibarua walijua kazi yao.

Siku ya tatu mawingu yalitanda mapema. Saa nane mchana kuku wa jirani walikuwa wamekwisha kuingia bandani. Nilikuwa nimemlaza mtoto niliposikia mtu akigonga mlango wa nyuma. Alikuwa yule mzee, amejifunika gunia, maji ya mvua iliyokuwa imeanza yakimchuruzika. Hakunisalimu.

"Mama, toa mtoto. Twende jikoni ya nje."

"Baba yake alisema usije hapa tena," nikamwambia. Mpaka leo sijui kwa nini hayo ndiyo maneno yaliyonitoka.

"Najua. Toa mtoto."

Nikamchukua mtoto, tukakimbia. Mvua ya mawe ilipiga mabati ya jikoni hata hatukuweza kusikilizana. Kupitia mlangoni niliona kilele cha mjakaranda juu ya paa. Kiliinama, kikasita, halafu kikalala juu ya chumba bila haraka yoyote, na paa likakunjika. Kitanda cha mtoto tulikikuta chini ya shina, mbao zake zimevunjika vipande vipande.

Mume wangu aliporudi alikitazama chumba kile. Kisha akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mzee. Mzee alimkaribisha, akampa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, akamwambia hana kinyongo naye, lakini kazini harudi. "Ile minne imebaki, uitoe," alimwambia. "Imeshaharibika."

Mume wangu aliikata mwenyewe, hakutaka kibarua. Serikali ilikitengeneza chumba, ila mimi nilikataa kulala humo. Miaka miwili tuliyokaa pale baadaye, mimi na binti yetu tulilala sebuleni, mume wangu akalala chumbani peke yake, mpaka alipohamishwa.