Tulivyozipa Gemu Gredi za Kahawa

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, fundi mmoja wa redio pale Runyenjes aliweka mashine ya gemu kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka lake, na kanisa letu likaunda kamati ya kuichunguza. Mimi nilikuwa karani wa kamati hiyo. Hakuna aliyeniteua kwa hekima yangu. Nilikuwa nangoja matokeo ya mtihani nyumbani, nilijua kupiga taipu, na ofisi ya kanisa ilikuwa na taipureta moja ambayo herufi yake ya "g" ilikuwa imekatika. Ripoti nzima ya gemu ikaandikwa bila "g", halafu nikakaa mchana mzima nikizijaza moja moja kwa kalamu.

Shida yenyewe ilianza kwenye kwaya. Jumamosi mazoezi yalipoanza, sauti ya kwanza walikuwepo, sauti ya pili walikuwepo, ila besi hawakuonekana. Mwalimu wa kwaya alitoka kuwatafuta, akawakuta wote kwa fundi, wamebanana kwenye benchi, macho kwenye televisheni. Jambo likapelekwa kwa wazee wa kanisa. Mzee mmoja akasema hiyo ni kamari. Mwingine akasema ni kazi ya Shetani. Wa tatu akauliza kama inashika taarifa ya habari. Mchungaji wetu, ambaye hakuwa mtu wa haraka, akasema, "Tusihukumu tusichokijua. Waende watu watatu, waone, waandike, halafu tuzungumze."

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Alitembea na kalamu nyekundu mfukoni na aliitumia hata kwenye matangazo ya mazishi. Wa pili alikuwa mwenyekiti wa akina mama, mkulima wa chai kutoka huko juu karibu na msitu. Yeye tulimwita Mama tu. Wa tatu tulimwita Mzee. Huyo alikuwa amepima kahawa kwenye kiwanda cha wakulima kwa miaka mingi, na watu wazima walimwogopa kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuingiza mkono ndani ya gunia, kutoa kahawa mbichi moja iliyofichwa katikati, na kukwambia urudi nyumbani ukachague upya.

Tulikwenda Jumatano alasiri. Tulipoingia, vijana wote walisimama kama wanafunzi wa bodingi wakaguliwapo vitanda. Fundi alifuta benchi kwa shati lake. Mama akasema haanzi kazi bila maombi, akaomba Mungu atuoneshe kilichomo ndani ya hii kitu. Tulipofumbua macho, kijana mmoja alikuwa anaitazama televisheni kwa uchungu mwingi. Alifumba macho kama wengine, lakini gari lake halikuwa limesimama.

Kulikuwa na kaseti nne: mbio za magari, watu wa kupigana ngumi, matofali yanayoanguka kutoka juu ukiyapanga, na mpira. Kwa muda wa nusu saa hivi tulikaa tukatazama vijana wakicheza, mimi na daftari langu mapajani. Kisha Mzee akasema, "Karani, andika: ni upuzi. Twende."

"Ngoja kwanza," Mwalimu akasema. "Mzee, wewe umewahi kupima kahawa ukiwa nje ya geti?"

"Hapana."

"Na mimi sijawahi kusahihisha mtihani bila kuusoma. Fundi, lete hicho kitu cha kushika."

Hivyo ndivyo kamati ya kanisa ilivyoanza kucheza gemu.

Mzee alipewa magari. Aliishika ile pedi ya kuchezea mbali na kifua, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani akiwa amelowa. Gari lake liligonga mti, likagonga kibao, likageuka likarudi lilikotoka. Vijana waliuma midomo wasicheke. Alipomaliza, akaniambia niandike, naye akasema polepole kama anayetoa ushahidi.

"Gari halijazwi mafuta. Andika. Likigonga, dereva hashuki kuangalia. Andika. Na barabarani hakuna mtu. Mimi nimeendesha kutoka hapa mpaka Embu mara ngapi? Kila mahali kuna mtu anauza kitu, kuna mbuzi, kuna mama na kuni. Hii barabara ni ya wapi?"

Fundi akasema huenda ni ya Japani.

"Na huko hawana mbuzi?" Mzee akauliza. 

Mama alichukua ngumi, na hapo tulishtuka, kwa sababu tulidhani angeikataa hata kuigusa. Vijana wakamwekea bingwa wao, mwimbaji wa besi, kijana mpana wa mabega aliyekuwa hajashindwa tangu mashine ifike. Kijana akaanza kwa adabu. Alimpiga Mama ngumi moja ndogo, akasema, "Samahani, Mama."

Mama aliishika pedi vizuri. Alikuwa ameshaona kwamba kuna kitufe kimoja cha kupiga teke. Mtu ambaye tangu usichana wake amechuma chai, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, kikapu baada ya kikapu, ana kidole gumba ambacho mwimbaji wa besi hawezi kukifikia hata akifunga na kuomba. Sikuona kidole kikipanda wala kikishuka. Nilisikia tu kitufe kikilia kama mvua juu ya mabati. Mtu wa bingwa akarushwa huku, akarushwa kule, akalala. Wakarudia. Akalala tena.

Chumba kilipasuka kwa kelele. Mwalimu mwenyewe alipiga makofi, halafu akakumbuka yuko kazini, akashika miwani yake.

"Mama, unaionaje?" nikamuuliza, kalamu tayari.

Mama aliirudisha pedi kwa heshima. "Ni mbaya," akasema.

"Lakini umeshinda!" bingwa akalia.

"Nimeshinda nini? Hawa watu wanapigania nini?" Akamgeukia fundi. "Huyu alimkosea nini mwenzake? Ni shamba? Ni maji ya mfereji?"

"Hakuna sababu, Mama. Wanapigana tu."

"Basi. Hata fahali wawili wakipigana kuna ng'ombe jike mahali. Mwanangu, andika kwamba haina hadithi."

Nikaandika. Lakini niliona alivyokuwa akikisugua kile kidole gumba kwa kidole kingine, na uso wake haukuwa wa mtu aliyechukizwa.

Matofali yalimwangukia Mwalimu, na yakampata. Hilo tofali refu lilipoingia kwenye nafasi yake na mstari ukafutika, alisema "Sahihi!" kwa sauti iliyowahi kutetemesha shule nzima. Alicheza mpaka jua likaanza kuchukua rangi ya chai, na tukalazimika kumkumbusha kwamba kuna kaseti moja haijachunguzwa. Alisema tutarudi kesho, kwa kuwa uchunguzi wa matofali haujakamilika.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya mpira, Mwalimu dhidi ya Mzee, na ilikuwa aibu tupu. Timu moja ilivaa nyekundu, nyingine buluu. Mwalimu alicheza kipindi chote cha kwanza akiamini kwamba yeye ni buluu. Hakuwa buluu. Mzee alimwamini, akajiona nyekundu, kwa hiyo kila mmoja alishangilia mabao ya mwenzake. Walipogundua, ukazuka ubishi juu ya nani ameshinda, na Mwalimu, ambaye aliwahi kuwa refa wa mashindano ya shule, akasema mchezo usio na refa anayeonekana si mchezo. Mzee akaunga mkono kwa nguvu. Ilikuwa mara ya kwanza wao kukubaliana.

Sasa ilibaki kutoa hukumu. Mwalimu alitaka alama juu ya mia. Mzee akasema alama za juu ya mia hazimwambii mkulima kitu, tutumie gredi za kahawa. Mama akakubali, na ikapita. Matofali yakapata gredi ya kwanza. Magari, gredi ya pili, yangepata ya kwanza kama pangekuwa na mbuzi. Ngumi, gredi ya tatu, kwa kukosa hadithi. Mpira ukapewa mbuni, yaani ile kahawa inayokaukia ndani ya ganda lake, ambayo mkulima huianika nyuma ya nyumba wageni wasiione.

Nilichapa ripoti, nikajaza "g" zangu, na Jumapili baada ya ibada ikasomwa mbele ya wazee. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni dhambi au si dhambi?"

Wanakamati wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria swali hilo tangu Jumatano.

Mama ndiye aliyejibu. "Mchungaji, dhambi ni kukosa mazoezi ya kwaya. Fundi afunge chumba saa za mazoezi na saa za ibada. Hayo mengine ni ladha."

Wazee wakaridhika. Ripoti ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kati ya orodha ya zamu za kufagia na tangazo la harusi, na tukadhani tumemaliza.

Jumamosi iliyofuata besi walifika mazoezini kabla ya kila mtu, wote, wamechana nywele. Baada ya wimbo wa mwisho walikuja ofisini kwa mstari. Nilijiandaa kwa malalamiko kuhusu saa za kufunga. Bingwa akaweka karatasi mezani pangu.

"Karani, tumekuja kukata rufaa."

"Kuhusu saa?"

"Saa hazina shida. Mpira! Mpira unapewaje mbuni? Mbuni! Hata nyumbani wananicheka."

Niliichapa rufaa yao, maana nayo ilikuwa barua. Kamati ikakaa tena, pale ofisini, na chai na mihogo ya kuchemsha. Mzee alikataa katakata: gredi ikishatolewa haibadilishwi, la sivyo kiwanda kitakufa. Mama alisema vijana wasikilizwe. Mwalimu alikuwa anaelekea upande wa Mzee, lakini alikuwa mtu wa haki na haki ilimwasha. Akaigeuza kalamu yake mara kadhaa, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ulikuwepo siku zote mbili. Uliuonaje mpira?"

Mpaka siku hiyo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza naonaje kitu. Shuleni tuliulizwa jibu ni lipi. Nyumbani niliulizwa kama maji yamechemka. Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Na kulikuwa na siri: siku ile ya pili, kamati ilipotoka nje kubishana juu ya bao, fundi aliniambia, "Karani, kaa kidogo ujaribu." Nilikaa. Bingwa alibadilisha kitu fulani, na badala ya kupambana tukawa timu moja, yeye na mimi, nyekundu wote, dhidi ya mashine. Alinipa pasi. Nikaupoteza mpira. Akanipa tena. Nilipofunga bao nilisimama juu ya benchi, nikashuka upesi kabla hawajarudi.

Hayo yote niliyasema. Nilisema vilevile kwamba kwenye magari unakimbia peke yako, na kwenye ngumi lazima umwangushe uliyekaa naye, lakini kwenye mpira watu wawili wanaweza kuwa upande mmoja, na kamati haikuliona hilo kwa sababu haikuuliza. Kisha, kwa kuwa nilishaanza, nikamalizia, "Na tena Mwalimu, samahani, mpira haukuwa mbaya. Ni nyinyi hamkujua mko rangi gani."

Mzee aliuacha muhogo wake hewani. Mama akaangalia dirishani, mabega yanatikisika.

Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akaivuta ripoti, akalikata neno "mbuni" kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "gredi ya pili". "Chapa upya," akasema. "Na uongeze chini: wachunguzi hawakujua rangi zao."

"Niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mtihani uliosahihishwa vibaya unasahihishwa hadharani."

Nikaandika hivyo. Vijana walisoma ubaoni, wakapigiana kelele za furaha, na kabla ya jioni bingwa alirudi kuuliza kwa nini si gredi ya kwanza. Mama alikuwa bado yupo. Alimwambia akaongee na refa.

Miezi michache baadaye fundi alihamishia kazi yake Embu mjini, ambako umeme haukatiki ovyo, na mashine ikaenda naye. Lakini wakati huo wazee walikuwa tayari wameunda kamati nyingine, ya kuamua kama kanisa linunue spika kubwa, na majina yaliposomwa, langu likiwa la karani tena, Mwalimu aliinua mkono. Alisema karani wa safari hii awe na kura. Mchungaji akauliza kama kuna pingamizi, na Mzee, baada ya kufikiri kidogo, akasema hakuna.

Kwenye kikao cha kwanza cha spika Mwalimu alipendekeza za bei rahisi. Nilipiga kura ya kumpinga. Alinitazama juu ya miwani yake, akaguna, akaiandika.