Bibi Mwepesi

Juzi sokoni Ggaba nilimwona msichana akimshusha bibi yake kutoka kwenye bodaboda kwa mkono mmoja, na wauza samaki wakamshangilia. Nilikumbuka alasiri moja ya likizo, nikiwa mtoto, katika kambi ya askari tulikoishi. Dagaa wa mukene walinukia jikoni, na sahani ya bibi yangu ilikuwa imerudi haijaguswa. Nilimwinua bibi kutoka mkekani, nikazunguka naye uani.

“Huyu tayari ni afande!” baba alipiga makofi.

“Nishushe, mjukuu wangu, utanivunja,” bibi alisema huku akicheka.

Niliamini nimepata nguvu. Jioni ileile nilishindwa kuinua jerikeni ya maji, wakacheka tena. Hakuna aliyeuliza kwa nini bibi alikuwa mwepesi kuliko maji. Tulimzika kabla shule hazijafunguliwa.