Njia Iliyolala Chini ya Gari

Kila Jumapili asubuhi, Venant alipowasha gari kwenda kanisani, alijikuta akiomba kimoyomoyo kwamba Mama Paskazia awe ameshaondoka. Si kwamba alimchukia. Angemchukia ingekuwa nafuu. Lakini mjane huyo wa mzee Shigela, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakuondoka hata siku moja. Venant alimkuta getini na kitenge chake cha kanisani, rozari mkononi, tabasamu tele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akulipe. Bila gari lako, kanisa ningelisikia kwenye kengele tu."

Hilo "mwanangu" ndilo lililomchoma. Mahubiri aliyamudu, hata yale ya Kwaresima yenye vitisho, lakini neno hilo dogo lilimkaa kooni mpaka Jumatatu. Tereza, mke wake, alihamia kiti cha nyuma, bibi akapanda mbele, na safari ya kulizunguka jabali ikaanza.

Mtaa wao uko pembezoni mwa Buswelu, na kama sehemu nyingi za Mwanza, umekaa mgongoni mwa majabali. Kanisa, soko, shule na zahanati viko upande wa pili wa jabali moja kubwa. Kwa gari unashuka mpaka barabara ya lami, unasubiri malori yapite, unazunguka, unapanda tena. Kwa miguu, ungepita kwenye upenyo ulio kando ya jabali na kufika kabla chai uliyoiacha mezani haijapoa. Ungepita, nasema, kama upenyo ungekuwa wazi. Ulikuwa ndani ya ukuta wa Venant, na juu yake ndipo gari lilipolala.

Venant hakuzaliwa mtu wa kudhulumu. Alizaliwa vijijini Magu, akasoma shule ya mbali na nyumbani, na kila siku magari ya pamba yalimpita na kumwachia vumbi la kutosha kujaza ndoo. Huko barabarani, miguu peku, ndiko alikojiapiza kuwa ipo siku na yeye atakaa nyuma ya usukani. Akakua, akapata kazi ya kusimamia ghala la pamba, akaoa, akanunua kiwanja Buswelu wakati huko bado ni vichaka na mawe. Watu walipoanza kujenga ovyoovyo, na mtaa ukaamua kujipanga na kupimiwa viwanja vyake, walimchagua kuwa katibu wa kamati. Alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa mtu wa kufoka.

Aliyekuja kuwachorea ramani alikuwa binti mmoja wa mipango miji aitwaye Shamsa. Aliitandaza mezani chini ya turubai, akasema maneno ambayo wengi waliyaona ya ajabu.

"Mtaa ndiyo kwanza unaanza. Msiujenge kwa ajili ya magari. Mtu akitaka chumvi, dawa ya mtoto au kwenda kuswali, afike kwa miguu yake. Barabara za magari ziwe chache, vichochoro vya kupita watu viwe vingi. Mkiviziba, kila mwenye shida atalazimika kupanda kitu."

"Kwani dada, sisi tutembee kwa miguu mpaka lini?" akauliza Nurdin, mwenye bucha, na turubai zima likacheka.

Venant naye alicheka. Lakini alipobaki na ile ramani akaitazama vizuri, ilimwingia moyoni. Alimuona mama yake mle, na tita la kuni kichwani. Akawa mtetezi wake mkubwa, akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu watoe vipande vya ardhi. Wengine walimfungia mlango, wengine walimega kidogo kwa kinyongo. Kwenye ule upenyo wa jabali, nyumba ya Venant ilikuwa imeshajengwa mpaka ukingoni, hivyo kipande chote kilibidi kitoke kwa Mama Paskazia.

Akaenda, akakaa kwenye kigoda, akamweleza. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wazee wenzangu watapita hapo?"

"Watapita, mama."

"Na watoto wa shule?"

"Na wao."

"Basi chukueni."

Hakungoja hata kibarua. Aling'oa uzio wake wa minyaa kwa mikono yake, uso ameugeuza pembeni ili utomvu usimwingie machoni, akaupanda upya ndani ya kiwanja chake. Kwa muda, mambo yakaenda kama Shamsa alivyosema. Watoto walipita wakikimbizana, akina mama walipita na beseni za dagaa, na Mama Paskazia mwenyewe alipita kila asubuhi kwenda kuuza karanga sokoni. Karanga zenyewe zilikuwa kisingizio. Alifuata mazungumzo.

Kisha gari likaja. Tusilipambe, lilikuwa gari dogo la mtumba, mlango mmoja unafunguka kwa kubembelezwa, lakini kwa Venant ilikuwa ni ile siku aliyojiapiza. Mbele ya nyumba kulikuwa na mteremko na mawe, na mtaani kulikuwa na wezi wa vioo vya magari. Akaliegesha kwenye njia, mara moja tu, alijiambia. Watu wakapita ubavuubavu. Siku moja beseni likaukwaruza mlango, naye akaumia utadhani amekwaruzwa yeye. Akaweka mti wa kuzuia. Mti ukawa ukuta, ukuta ukapata geti. Wenzake hawakumuuliza. Huyu ni katibu, walisema, lazima anajua kitu.

Aliyeuliza ni Mama Paskazia peke yake. Na Venant, akiwa na funguo za gari mkononi, akamjibu jambo ambalo tangu siku hiyo alitamani kulimeza.

"Ramani ilibadilishwa huko juu, mama. Njia wameikataa."

Bibi akatikisa kichwa. "Wameikataa? Basi hao hawana magoti yanayouma." Hakuuliza tena.

Hapo mtaa ukaanza kuharibika. Nurdin alijenga banda la mbuzi kwenye kichochoro cha karibu na kwake. "Katibu kafunga, mimi nani?" alisema. Wa tatu akafuata, na wa nne. Watoto wakawa wanakwenda shule kwa kupita kando ya lami, malori yakiwapulizia moshi. Kwenda kununua nyanya ikawa safari ya bodaboda. Wenye uwezo wakanunua magari na kulalamika kwamba foleni imeanza mpaka Buswelu. Mama Paskazia akaacha soko kabisa, maana magoti yake hayakuweza mzunguko. Akabaki na Jumapili tu, kwenye gari la Venant. Mwanamke aliyetoa ardhi yake ili watu wasihitaji gari sasa hakuwa na pa kwenda bila gari la mtu aliyeikalia ardhi hiyo, na bado alimshukuru.

"Unamsaidia yule bibi," Tereza alimuuliza siku moja, "au unajinunulia usingizi?"

 Usingizi wenyewe Venant hakuwa nao.

Jumamosi moja mchana, Mama Paskazia alimwita kutoka upande wa pili wa ukuta. Alimpeleka nyuma ya nyumba, mahali alipozikwa mzee Shigela. Kaburi la saruji lilikuwa limefagiliwa, na kando yake bibi alikuwa amechomeka vijiti viwili alivyovifunga vitambaa.

"Nimefikiri sana, mwanangu. Ile njia labda waliikataa kwa sababu waliiona nyembamba. Huku ni kupana, na unatokea kulekule kwenye jabali. Tatizo ni mzee tu, ndiye amelala katikati. Nimeongea na mwanangu Mhoja, amekubali. Padri naye amenisikiliza. Tutamhamishia kule kwenye migomba. Wewe ni katibu, unajua kuongea nao. Tupime, uwapelekee tena."

Akampa ncha moja ya kamba, yeye akashika nyingine na kwenda taratibu mpaka ng'ambo ya kaburi.

"Vuta, mwanangu, inyooke."

Kamba ikabaki imelegea mkononi mwa Venant. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alitazama msalaba, akatazama ile minyaa iliyong'olewa na kupandwa upya kwa ajili ya neno lake, ikiwa imemzidi urefu sasa.

"Mama, usimhamishe mzee."

"Kwa nini? Mwenyewe alipenda kutembea yule. Hatakasirika."

"Njia haikukataliwa na mtu." Akauonyesha ukuta wake. "Ramani iko vilevile. Njia iko uani kwangu, chini ya gari. Niliichukua mimi, halafu nikakudanganya."

Mama Paskazia hakupiga kelele. Venant angeshukuru angepigiwa kelele. Bibi alianza kuikunja kamba, akiizungusha kati ya kiganja na kiwiko, polepole, akisogea kando ya kaburi jinsi kamba ilivyopungua, mpaka akafika mbele yake. Akaivuta ile ncha kutoka vidoleni mwake. Kisha akang'oa kijiti kimoja, akang'oa cha pili, akaingia ndani na kufunga mlango.

Venant alirudi kwake, akalitoa gari uani, akaliacha barabarani juani, vioo akaviachia bahati. Akachukua nyundo. Hakuita fundi. Aliupiga ukuta wake mpaka viganja vikachubuka, na Tereza akatoka, akajifunga kanga kiunoni na kuanza kubeba matofali bila kuombwa. Nurdin alikuja, akasimama.

"Vipi, katibu? Gari limekuwa nene?"

"Njia ni ya watu, Nurdin. Niliwaibia."

Nurdin alitazama lile tundu, na ng'ambo yake jabali na paa la kanisa. Aliondoka, na banda lake la mbuzi liko palepale mpaka leo.

Jumapili asubuhi Venant alikuwa amesimama penye mwanya, nguo za kanisani mwilini, vumbi la matofali bado kwenye kucha. Kengele ya kwanza ikalia. Mama Paskazia akatokea na kitenge chake, rozari mkono mmoja, fimbo mkono mwingine. Alipita kati ya minyaa yake na mabaki ya ukuta, akipima pa kukanyaga.

"Shikamoo, mama."

Alisimama kidogo, akiyapumzisha magoti. Akamtazama usoni.

"Marahaba, katibu," akasema, akaendelea na njia yake.