Shilingi Mia Tatu za Somo la Fedha

Barua ililetwa na supavaiza wa shule, aliyekuja kwa baiskeli asubuhi ya Jumatatu. Hedimasta wetu aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa ofisi, kisha akaketi akaisoma tena. Serikali ilikuwa imetenga pesa za kufundisha somo jipya katika shule chache za wilaya, somo la matumizi mema ya fedha, na shule yetu ndogo ya Bahati ilikuwa mojawapo ya zilizochaguliwa. Tulipewa shilingi mia tatu. Barua ilieleza wazi zitumike kununua nini: vifaa vya kufundishia, yaani mizani, picha kubwa za ukutani, vitabu vya hesabu za nyumbani na sanduku la akiba lenye kufuli.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya hamsini, na mimi nilikuwa mwalimu wa kike mwenye mwaka mmoja tu tangu nitoke chuo cha ualimu. Hedimasta alinipa mimi lile somo kwa sababu, alivyosema, walimu wenzangu wawili walikuwa wamekwisha kuizoea mishahara yao vibaya.

Ukweli ni kwamba sikujua mengi. Baba yangu alifanya kazi ya kuchimba udongo mweupe kule Kariandusi, akirudi nyumbani nyusi zake nyeupe kama za mtu mzee sana, na pesa zake zilikaa katika mkebe wa majani ya chai ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Nilipopata mshahara wa kwanza nilimpelekea wote. Aliushika, akautazama, akanirudishia nusu bila kuniambia nusu hiyo niifanyie nini. Niliisokota ndani ya leso na kuirudisha shuleni. Huo ndio ulikuwa ujuzi wangu wote wa fedha siku nilipoingia darasa la nne kufundisha fedha.

Niliwauliza watoto pesa ni ya nini. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, akasema, "Ni ya baba." Hakuna aliyecheka. Wengi wa watoto wale walikuwa wa vibarua wa mashamba ya Wazungu, na Jumamosi walikwenda kuchuma pareto na mama zao. Waliijua ndururu ya senti tano, waliijua peni ya senti kumi, walijua debe moja la maua ya pareto linaleta senti ngapi. Lakini senti zao ziliandikwa katika kitabu cha mnyapara kwa jina la baba, na baba ndiye aliyepokea mwisho wa mwezi. Nilikuwa na maelezo niliyopewa chuoni, ya familia inayopanga matumizi ya wiki, yenye fungu la nyama, fungu la sabuni na fungu la matembezi. Niliyasoma mpaka kwenye matembezi nikayafunga.

Mvua za masika zilipoanza, somo likawa gumu kwa sababu nyingine. Paa la darasa la pili lilikuwa la nyasi, na nyasi zilikuwa zimeoza. Maji yalipoanza kuingia, hedimasta aliwahamishia watoto wale wadogo katika chumba changu. Darasa la nne lilitazama ukuta wa mashariki, darasa la pili likatazama wa magharibi, na mimi na mwenzangu tukafundisha tukipeana migongo. Nikisema senti hamsini, watoto wake walirudia nyuma yangu, senti hamsini, wakidhani ni kusoma.

Siku moja mvua ilipiga hata nikaacha kusema. Tulikaa tu tukingoja ipungue. Ndipo yule msichana akauliza, "Mwalimu, zile shilingi mia tatu ziko wapi?"

Nilimwambia ziko posta mjini, kwa saini ya hedimasta.

"Haziwezi kununua mabati?"

Nilimjibu kwamba zilitolewa kwa ajili ya somo. Akauliza kama mtu anaweza kusomea somo mahali panapovuja. Nilimwambia aketi, na akaketi, lakini swali lake nililibeba mpaka ofisini.

Hedimasta alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa mvua na jua, na miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja. Alinisikiliza, akaitoa barua kwenye faili, akaweka kidole juu ya neno vifaa. Kwa siku mbili alipita nje ya darasa letu mara nyingi kuliko kawaida yake. Siku ya tatu aliingia na barua mkononi, akampa mtoto wa dawati la mbele aisome kwa sauti mpaka mwisho, na alipokwama kwenye maneno magumu akamsaidia.

Kisha akawaambia, "Hizi pesa ni zenu. Nyinyi ndio wa kujifunza kuzitumia. Haya, nifundisheni."

Wiki tatu zilizofuata sikuhitaji kitabu chochote. Walipima darasa la pili kwa kamba ya mkonge, wakabishana kama upana wa paa ni sawa na upana wa sakafu, wakagundua si sawa, wakapima tena. Wakapata kwamba yatahitajika mabati ishirini na manne. Hakuna aliyejua bati moja ni pesa ngapi, kwa hiyo hedimasta akaandika kuomba pasi za kusafiria, maana enzi zile za Hali ya Hatari hata mwalimu hakuingia mjini hivihivi. Nikaenda Nakuru na wanafunzi wawili, yule msichana na mvulana mmoja mwenye mwandiko mzuri, tukiwa tumekaa katikati ya makopo kwenye lori la maziwa.

Katika duka la kwanza tulifukuzwa kabla hatujamaliza kusalimu. La pili walitutajia bei, lakini walikuwa wakimtazama mteja aliyesimama nyuma yetu. La tatu lilikuwa la mzee wa Kihindi aliyetutolea viti. Alipoelewa kwamba watoto ndio wanunuzi, hakushangaa hata kidogo. Alileta mabati mawili, akayapiga kwa kidole, akawaambia wasikilize. "Hili jembamba, shilingi saba. Miaka mitatu, minne, kutu imekula. Hili nene, shilingi kumi na moja. Hili litawakuta nyinyi mmeoa, mmeolewa." Mvulana aliandika yote mawili. Msichana aliomba naye apige kidole, akapiga, akasikiliza akiwa amefumba macho.

Shuleni palizuka ubishi mkubwa. Mabati membamba yangegharimu shilingi mia moja sitini na nane, na pesa zingebaki za kununua mizani na picha na kila kitu barua ilichotaja. Manene yangekula mia mbili sitini na nne, na misumari na kofia za paa zingekula ishirini na tano nyingine. Darasa liligawanyika. Niliwaacha wabishane siku nzima. Nusu yangu ilitaka mabati membamba, maana niliona yangetuokoa na lawama, lakini sikuwaambia. Waliponyoosha mikono, manene yalishinda kwa mikono minne zaidi. Hedimasta akatia saini.

Wazazi walileta miti na mikono yao. Baba mmoja, fundi wa mashamba, alipigilia misumari Jumapili mbili baada ya kanisa na akakataa hata chai. Darasa la pili likarudi chumbani mwake. Zilizobaki, shilingi kumi na moja, tulinunulia kitabu kikubwa cha jalada gumu, na mvulana wa mwandiko mzuri akaingiza ndani yake kila senti, toka ya kwanza.

Afisa wa elimu alikuja muhula uliofuata kwa gari la serikali, yeye na supavaiza. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye Kiswahili cha polepole na cha uangalifu. Aliomba kuona vifaa vya somo la fedha. Hedimasta alimpeleka katika chumba cha darasa la pili na kumwonyesha paa. Supavaiza aliinamisha uso. Mimi nilikuwa mlangoni.

Afisa hakukasirika. Aliomba kuliona darasa la nne, akaketi kwenye dawati la nyuma, magoti yakiwa karibu na kidevu, akapewa kitabu. Alikisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akauliza kwa nini hawakununua mabati ya bei nafuu, wabaki na pesa za vifaa.

Msichana alisimama. "Kwa sababu tungeyanunua mara mbili, Bwana. Na mara ya pili serikali ingekuwa haipo."

Alimaanisha msaada wa serikali usingekuwepo, lakini kwa siku zile ilikuwa kauli ya kumtia mtu taabani. Nilimwona supavaiza akishika shavu. Afisa aliandika kitu katika daftari lake dogo, akamwambia aketi. Alikaa nasi zaidi ya saa moja, akauliza habari za misumari, za lori la maziwa, za mzee wa dukani.

Nje, karibu na gari, alimwambia hedimasta, "Mwaka huu sijaona somo lililofundishwa vizuri kama hili. Wala sioni namna ya kuliandika." Alieleza kwamba pesa zikishapitishwa kwa jambo moja, wahasibu hawawezi kuzikubali kwa jambo jingine, hata liwe jema namna gani. Angeandika ukweli, akasema, na angetuombea. Hedimasta alimshukuru. Walipeana mikono kama watu waliotoka mazishini pamoja.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Shilingi mia tatu zirudishwe, zikatwe kutoka mshahara wa hedimasta, kumi na tano kila mwezi, na shule yetu isipewe pesa za mwaka wa pili. Nilikwenda ofisini kwake na ile leso yangu. Nilimwambia kosa ni letu sote, na kwamba mimi ndiye niliyemletea lile swali. Alinitaka nifunge leso.

"Binti yangu," alisema, "mshahara wangu wa miaka mingi nimeutumia, na mwingi siwezi kukuonyesha ulikokwenda. Hizi ninaweza kukuonyesha."

Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu niajiriwe. Aliacha nimalize, akaniuliza kama nimesahihisha madaftari.

Wazazi walipata habari, sijui kwa nani. Mama mmoja akaleta mayai, mwingine viazi, baba fundi akaleta debe la mahindi. Hedimasta alilalamika kwamba wanamfanya aonekane ombaomba, lakini mkewe, aliyekuwa na watoto sita wa kulisha, alipokea kila kitu mlangoni na kuuliza habari za nyumbani. Somo la fedha niliendelea nalo muhula mmoja bila senti ya mtu, kisha likatoka kwenye ratiba bila barua yoyote. Msichana alihama na wazazi wake kwenda shamba jingine, upande wa Subukia. Nilimwandikia mwalimu wa huko barua ndefu kumhusu. Alinijibu kwa mistari miwili, kwamba mtoto amefika na anauliza sana.

Mshahara wa tisa tangu yaanze, makato yakakoma. Hedimasta alifungua bahasha yake ya mshahara, akahesabu, akahesabu tena, akamtuma mtu kwa supavaiza akidhani wamekosea. Supavaiza alikuja mwenyewe kusema hawakukosea. Yule afisa alikuwa ameandika barua tatu kwa wakubwa wake kabla ya kwenda likizo kwao Uingereza, na hakurudi tena wilayani kwetu. Hatukujua kama hatimaye walimwelewa, au kama alilipa deni lililobaki kutoka mfukoni mwake. Supavaiza alikuwa na wazo lake, nami nina langu.

Siku ile hedimasta aliniomba nipige kengele ya jioni badala yake. Pasi hazikudaiwa tena wakati huo, akasema angependa kufika mjini maduka yakiwa bado wazi. Alivaa koti lake, akapanda baiskeli, na kesho yake sikumwuliza alinunua nini.