Kisigino cha Bingwa

Fundi viatu wetu hajawahi kushika fimbo ya gofu, ila kila Jumatano huweka kando kiatu cha mteja, akafuta gundi vidoleni na kuchagua wachezaji sita wa kikosi chake cha simuni, mchezo ambao pointi hutegemea wachezaji halisi watakavyocheza wikendi. Takwimu hasomi. Huikuza picha ya mchezaji mpaka uso utoke kwenye kioo vibaki viatu, kisha huguna kama daktari aliyeshika majibu mabaya. Wiki moja, atakayekuwa mkiani Jumapili alikuwa anatolewa kwenye ligi ya jengo letu, na mkiani alikuwa yeye. Bado akamwacha nje bingwa mtetezi ambaye sote tulimchagua.

“Fundi, unachagua watu au ndala?” akauliza msusi wa mlango wa pili, mwenyekiti wa ligi.

“Dada, uso umefundishwa kudanganya. Tazama kisigino cha kiatu cha kulia kilivyoliwa upande. Nyonga hiyo haifiki Jumapili.”

Ikafika. Bingwa alishinda kwa tofauti ya mipigo sita, na msusi akamtoa fundi ligini kwa kidole kimoja, vingine tisa vikiwa kwenye nywele za mteja. Fundi wala hakugeuka. Alikuwa amesogeza kigoda mpaka chini ya televisheni ya saluni, akimtazama bingwa anavyopanda ngazi tatu kufuata kombe: mguu wa kushoto, mkono kwenye reli, halafu ule wa kulia ukiburutwa.

“Mmeona?” akatuuliza, meno yote nje. Bingwa mwenyewe hakufurahi kiasi hicho.